Chumvi kwenye vigae na vyungu vya stoo ya makumbusho: nini kifanyike, na kwa mpangilio gani

Unafungua sanduku la vigae, yaani vipande vya vyungu vya kale, lililokaa bila kuguswa tangu mwaka jana, unakuta vimeota manyoya meupe. Vingine vimejipaka unga kama wa muhogo. Kwenye kipande cha bakuli la kigeni, ganda la kung'aa limeinuka ukingoni na vipande vyake viko chini ya sanduku. Mkono wa mtu yeyote hapo hukimbilia kitambaa chenye maji. Uzuie. Maji ya kitambaa yatayeyusha chumvi, chungu kitainywa tena, na baada ya wiki mbili itatokea upya ikiwa imejichimbia ndani zaidi.

Mwongozo huu ni wa anayetunza stoo ya makumbusho ya pwani asiye na maabara wala bajeti kubwa. Vitu ninavyovizungumzia zaidi ni vyungu, mitungi na vigae kutoka miji ya kale kama Gede, Shanga, Manda na Kilwa Kisiwani, kwa sababu ndivyo vinavyojaza rafu zetu na ndivyo vinavyoumwa zaidi. Chumvi iliyotulia yaweza kukaa ndani ya chungu miaka mingi bila kukidhuru. Kinachokivunja ni kule kuyeyuka na kuganda, kuyeyuka na kuganda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi utaifanya kwenye hewa ya chumba. Beseni la maji litakuja mwishoni, tena kwa vitu vichache.

Chumvi imeingiaje

Chungu kilichochomwa kwenye moto wa kuni hakikuiva kama kauri ya Uchina. Kina matundu madogo yasiyoonekana, na kimelala karne kadhaa kwenye udongo unaopokea upepo wa bahari. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Kikichimbuliwa kikakauka, maji huondoka na chumvi hubaki.

Halafu kuna chumvi tuliyoitia sisi wenyewe. Vigae huoshwa kambini kwa maji ya kisima, na visima vya pwani vingi ni vya maji ya magadi au chumvi. Ilikuwa desturi pia ya wachimbaji kuondoa ukoko wa chokaa kwa asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa. Asidi ikikutana na chokaa hubaki kloridi ya kalisi, chumvi inayovuta unyevu kuliko hata ya mezani. Uchimbaji wa James Kirkman pale Gede ulianza 1948, na ule wa Neville Chittick huko Kilwa ni wa miaka ya 1960. Mikusanyo ya umri huo imepita mikononi mwa watu wengi, na si kila kilichofanyika kiliandikwa. Ukiona kigae kisafi mno, kisicho na chembe ya chokaa, ilhali ndugu zake wa sanduku lilelile wana ukoko, shuku asidi.

Hatua ya 1: Piga picha kabla hujagusa

Weka kitu penye mwanga unaotoka upande mmoja, ili manyoya yatoe kivuli, upige picha pamoja na rula na namba ya usajili. Andika tarehe, saa, unyevu wa hewa kama una kipimo, na mahali hasa chumvi ilipo: kingoni, kitakoni, juu ya rangi, kwenye mstari wa gundi ya zamani. Chumvi iliyojipanga kando ya gundi inakusimulia habari tofauti na iliyotapakaa kote.

Angalia pia rangi ya unga. Ukiwa mweupe mtupu, chumvi inatoka nje na mwili wa chungu bado uko salama kwa kiasi. Ukiwa na chembe nyekundu au za kahawia, ule ni udongo wa chungu chenyewe: chumvi inagandia chini ya ngozi na kuisukuma. Vitu vya namna hiyo vitenge leo hii kwenye trei yenye kitambaa laini, wala usivipige brashi.

Hatua ya 2: Hakikisha kweli ni chumvi

Kuna mambo manne yanayofanana kwa macho.

Kuvu huonekana kama nyuzi au pamba ukiitazama kwa lenzi ya mkono, mara nyingi ina harufu, na ukiigusa kwa ncha ya sindano hulala na kujipaka. Chumvi huonekana kama sindano au vijiwe vinavyometameta, na hukatika. Chukua chembe chache kwa ncha ya kisu, uziweke kwenye kioo mbali na kitu, udondoshee tone la maji safi. Chumvi ya bahari hupotea mara moja. Chokaa hubaki, na ukiongeza tone la siki hutoa mapovu.

La nne ni ugonjwa wa makabati. Simbi na makombe mengine yaliyowekwa kwenye droo za mbao huota unga mweupe wenye harufu ya siki. Mwingereza aitwaye Byne aliuandikia mwaka 1899 akidhani ni kazi ya bakteria. Chanzo chake ni mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao, plaiwudi na MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi), ambao hula chokaa ya kombe. Vyungu vyenye chokaa au kloridi hupatwa pia. Dawa yake ya kwanza ni kuvitoa kwenye kabati hilo. Ukisafisha na kurudisha mlemle utasafisha maisha yako yote.

Kama waweza kupata nitrati ya fedha kwa mwalimu wa kemia wa sekondari, kipo kipimo kizuri cha kloridi. Yeyusha chembe za unga kwenye maji ya kutoneshwa, tia matone mawili ya asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kisha tone la nitrati ya fedha. Maji yakigeuka meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji, kloridi ipo. Vaa glavu, kwani dawa hiyo huacha madoa meusi kwenye ngozi, na itunze kwenye chupa ya rangi isiyopitisha mwanga.

Wapo wanaoonja. Acha kabisa. Mikusanyo ya zamani ilipuliziwa dawa za wadudu, zikiwamo zenye aseniki na DDT, na nazo hubaki unga mweupe.

Hatua ya 3: Tenganisha kwa aina ya malighafi

Kila ninachoeleza kuhusu maji hapa chini ni cha udongo uliochomwa tu. Sarafu za shaba za Kilwa zenye vidoa vya unga wa kijani mpauko zina ugonjwa wa kloridi pia, lakini zinataka ukavu mkali, sanduku lililofungwa lenye silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu), na mhifadhi wa metali. Chuma vivyo hivyo. Pembe na mifupa hupasuka ikilowa na kukauka. Mtu asije akaipeleka siwa ya pembe kwenye beseni kwa kuwa alisoma mahali kwamba chumvi huoshwa.

Vitu vilivyotoka chini ya bahari ni kundi la peke yake. Meli ya Wareno ya Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, na ikachimbwa 1977 hadi 1980. Chombo cha namna hiyo hakiruhusiwi kukauka hata siku moja kabla chumvi haijatolewa. Ukiletewa mtungi ulionaswa na nyavu za wavuvi, uweke majini kwanza, maswali baadaye.

Hatua ya 4: Pima hewa, na anza kwa kukipima kipimo chenyewe

Hapa ndipo penye kazi. Chumvi ya kawaida, kloridi ya sodiamu, ina mstari wake: unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 huvuta maji na kuyeyuka, ukishuka chini ya hapo huganda kuwa fuwele. Fuwele ikikua ndani ya tundu dogo husukuma kuta zake. Mara moja haina neno. Mara mia tatu kwa mwaka ngozi ya chungu hubanduka.

Sasa fikiria hewa ya Mombasa, Lamu au Unguja. Usiku na alfajiri unyevu uko juu ya 80. Mchana wa kiangazi hushuka hadi sitini na kitu. Tunaishi juu ya mstari huohuo wa 75, tukiuvuka kwenda na kurudi karibu kila siku. Mtu wa Nairobi hukutana na tatizo hili anapopelekewa vigae vya pwani kwa maonyesho: chumvi iliyokuwa imeyeyuka ndani kwa miaka hukauka kwa wiki moja, na anapiga simu kuuliza mmemtumia nini.

Chumvi ya bahari haiji peke yake. Ndani yake mna kloridi ya magnesi, ambayo hubaki imeyeyuka hata unyevu ukishuka karibu na asilimia 33. Ndiyo maana vigae vingine huonekana vinatoka jasho wakati wa masika: havijavujiwa na paa, vinavuta maji hewani vyenyewe.

Nunua kipima unyevu cha kidijitali, hata cha bei ndogo, kisha kikague. Jaza kizibo cha chupa chumvi ya mezani, itonee maji hadi iwe tope zito lisilo na maji yanayoelea juu, ukiweke pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, na uviache kivulini siku nzima. Ndani ya mfuko huo hewa itakuwa asilimia 75, kwa kuwa ni chumvi ileile na mstari uleule. Kipimo kikisoma 69, jua kinapunguza 6, ubandike karatasi nyuma yake inayosema hivyo. Rudia kila mwaka.

Kisha andika unyevu mara tatu kwa siku kwa mwezi mzima: unapofungua, adhuhuri, unapofunga. Kipimo kinachokumbuka kiwango cha juu na cha chini ni bora zaidi, maana usiku ndio unaotudanganya.

Hatua ya 5: Tuliza hewa

Kama stoo yako ina kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni, kizime. Najua haipendezi kusikia, hasa kama ndiyo kitu pekee ulichofanikiwa kununuliwa na ofisi. Lakini kiyoyozi cha saa za kazi hukausha chumba mchana na kuuachia usiku ukiloweshe, yaani kinakuhakikishia kuuvuka mstari kila siku, hata siku ambazo hali ya hewa yenyewe isingeuvuka. Ama kiende usiku na mchana, na umeme uwe wa kuaminika, ama kisiwepo. Chumba kizito chenye unyevu wa 80 usiobadilika kina nafuu kwa chumvi, ingawa kwa kuvu ni balaa, kwa hiyo hatuwezi kuishia hapo.

Njia ya mtu asiye na fedha ni kuachana na chumba na kutunza sanduku. Tafuta masanduku ya plastiki yenye vifuniko vya kubana. Geuza utazame namba iliyo ndani ya pembetatu: 2, 4 na 5 zinafaa. 3 ni PVC, iache. Ndani weka silika jeli kwenye mifuko ya kitambaa, nusu kilo kwa sanduku la lita 30 hivi, pamoja na kipimo kidogo kinachoonekana bila kufungua.

Usitie jeli iliyotoka kukaushwa kwenye oveni moja kwa moja juu ya vigae. Itaushusha unyevu hadi ishirini na kitu, na chumvi yote itaganda kwa mkupuo. Iweke kwanza kwenye sanduku tupu pamoja na kipimo. Ikisoma chini sana, fungua kifuniko saa chache, funga, subiri kesho, hadi itulie kati ya 50 na 55. Ndipo uingize vigae. Mstari utauvuka mara moja, hilo hatuwezi kulikwepa, kisha hautauvuka tena mradi kifuniko kifungwe.

Angalia na kuta. Stoo nyingi zimo kwenye majengo ya mawe ya matumbawe, na kuta hizo nazo zina chumvi. Zilizofunikwa plasta ya saruji hufungia unyevu ndani na kuupeleka juu. Sogeza rafu sentimita 15 kutoka ukutani, usiweke sanduku sakafuni, na fundi akija na mfuko wa saruji mwambie unataka chokaa.

Hatua ya 6: Ondoa chumvi kavu

Hewa ikishatulia wiki kadhaa, chukua brashi laini ya mchoraji. Vaa barakoa na glavu. Fagia kwa wepesi kuelekea kwenye karatasi safi, usipulize kwa mdomo: pumzi yako ina unyevu na unga utakurudia puani. Kusanya kidogo kwenye kichupa, andika namba ya kitu na tarehe, ukihifadhi. Siku mtaalamu akipatikana atataka kujua ni kloridi, nitrati au salfeti, nawe utakuwa nayo mkononi.

Kwa vigae vingi safari inaishia hapa. Sanduku lililotulia na brashi kavu vinatosha.

Hatua ya 7: Beseni, kwa vichache

Osha pale tu ambapo chumvi inaendelea kutoka hata baada ya hewa kutulia, au kitu kinahama kwenda mahali pakavu, na chenyewe kinaweza kustahimili maji. Usioshe: udongo ulioiva nusu, rangi iliyopakwa baada ya kuchomwa, ganda linaloinuka, chungu kilichoungwa kwa gundi ya wanyama au kujazwa plasta ya Paris, ambayo huyeyuka kidogo na kuongeza salfeti. Usioshe pia vigae vyote vya shimo moja. Bakiza vichache vilivyo vichafu, kwa sababu mafuta ya samaki au nazi yaliyonyonywa na chungu yanaweza kupimwa na watafiti.

Jaribu kwanza kigae kimoja kisicho na nakshi. Kikiacha tope baada ya saa moja, umepata jibu.

Kabla ya maji, linda namba ya usajili. Wino ulioandikwa bila kufunikwa utatoka, na kigae kisicho na namba hakina shimo, tabaka wala tarehe. Funga kila kimoja kwenye kipande cha chandarua pamoja na kijilebo cha plastiki kilichoandikwa kwa penseli.

Maji yawe ya kutoneshwa. Yanayopatikana kirahisi ni maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta, lakini soma chupa mara mbili, kwani asidi ya betri huuzwa rafu hiyohiyo. Nunua pia kalamu ya kupimia upitishaji umeme wa maji, ile wanayotumia wauza maji na wafuga samaki. Itafute inayosoma mikrosiemeni. Maji mazuri husoma chini ya 20 kabla ya kutumika. Yakisoma 300, unaosha chumvi kwa chumvi.

Weka kigae juu ya wavu ndani ya beseni la plastiki, utie maji kidogo yaguse kitako tu. Kiache kinywe kutoka chini hadi kilowe chote, hewa itoke taratibu. Ukikizamisha ghafla hewa iliyofungiwa itakipasua. Kikishalowa, ongeza maji hadi uwe na uzito wa maji mara kumi ya uzito wa kigae, ufunike. Kesho saa ileile koroga polepole, pima, andika, mwaga, badilisha.

Siku ya kwanza kalamu yaweza kusoma mamia au hata maelfu. Itashuka haraka, kisha itashuka kwa kusuasua. Chora mstari kwenye karatasi ya miraba, siku upande huu na kipimo upande ule. Mimi huridhika ongezeko la siku nzima linapokuwa chini ya mikrosiemeni 50 mara tatu mfululizo kwa uwiano huohuo wa maji. Ukibadili kiasi cha maji katikati, namba zako hazilinganishiki tena. Kigae chembamba humaliza ndani ya wiki moja au mbili. Mtungi mnene unaweza kula miezi, na maji yaliyosimama huota utelezi, kwa hiyo usiruke siku za kubadilisha hata kama ni sikukuu.

Mtungi usioingia kwenye beseni unaweza kufunikwa na rojo la karatasi nyeupe isiyo na rangi iliyolowekwa maji ya kutoneshwa. Bandika kwa unene wa sentimita moja, liache likauke juu yake, litavuta chumvi, libandue. Rudia. Ni kazi ya subira na haitoi kila kitu.

Hatua ya 8: Kausha kivulini, kisha fuatilia

Kausha juu ya wavu, mbali na jua na feni. Funga kitu kwa karatasi laini iliyogusana nacho pande zote: mabaki ya chumvi yatagandia kwenye karatasi badala ya kwenye ngozi ya chungu. Bandua baada ya wiki.

Kagua masanduku mara mbili kwa mwaka, mvua za masika zikishakatika, na tena Januari au Februari kaskazi inapokuwa kavu. Linganisha na picha za hatua ya kwanza, kwa mwanga wa upande uleule. Kidoa cheupe juu ya ngozi ni cha brashi na cha kukagua kifuniko. Ngozi iliyoinuka tena baada ya kuoshwa isirudi majini. Funga sanduku, usiliguse, ukamwite mhifadhi akiwa na kile kichupa cha unga na karatasi yako ya miraba mbele yake.